Muuaji Aliyebadilishwa

Evaristo, mume wa Kornelia, aliokotwa asubuhi akiwa amekufa, kifudifudi ndani ya mfereji unaopita upande wa chini wa kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule Kibosho. Polisi wakasema alilewa mbege akateleza. Kornelia alijua mumewe hakuwa amegusa pombe tangu Kwaresma ianze, na kwamba wiki ileile aligombana na kaka yake, Primus, juu ya migomba na kahawa alizoacha baba yao. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Akaamua kuandika riwaya ya upelelezi. Alibadilisha majina, akahamishia mambo Rombo, lakini kisa kilikuwa kilekile: kaka anamuua mdogo wake kwa ajili ya kihamba.

Mwaka 1998 alijiunga na kikundi cha waandishi mjini Moshi. Walikutana Jumamosi mtaa wa Soweto, sebuleni kwa Julius, aliyekwishatoa vitabu na kufahamiana na mchapishaji wa Dar es Salaam.

"Mwalimu, lugha unayo," Julius alisema baada ya kuusoma mswada. "Lakini muuaji nimemjua kabla chai haijapoa. Msomaji wa upelelezi anataka kuzungushwa."

"Ndivyo ilivyokuwa," Kornelia akasema, kisha akajirekebisha. "Ndivyo nilivyoiona hadithi."

"Ndugu kuuana kwa ajili ya migomba ni kesi ya ukoo, si riwaya. Huyo kaka mfanye mtu mwema. Muuaji awe mtu wa kuja. Kibarua wa mashamba ya miwa, kwa mfano."

Wenzake wakaafiki. Filemon tu, aliyezaliwa kambi ya wakata miwa, baba yake mtu wa Kigoma, ndiye ambaye hakuafiki.

Kornelia alikataa kwa miezi. Ndipo Julius alipoleta habari kwamba mchapishaji amekubali, ila muuaji abadilishwe. Akambadilisha. Kilichomtoa jasho ni kumwandika kaka mtu akilia kaburini. Siku ya mazishi Primus hakulia. Alikuwa akiuliza funguo za stoo ziko kwa nani. Kitabuni Kornelia akampa machozi, akampa na maneno ya kumfariji mjane. Alipoisoma tena sura ile, ilimuuma kuona kwamba ndiyo nzuri kuliko zote.

Kikundi kilipiga makofi. Filemon alimngoja nje.

"Mwalimu, huyo mkata miwa wako hana hata jina."

"Ni riwaya tu, Filemon."

"Na yule muuaji wa kwanza, naye alikuwa riwaya tu?"

Filemon hakurudi tena kikundini.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mpaka hapo wazee wa ukoo walikuwa wakisita kumkabidhi Primus kihamba, maana minong'ono ilikuwa mingi. Krismasi, watu wa mijini wakiwa wamerudi nyumbani mlimani, Primus alisimama mbele ya wote na kitabu mkononi, akasoma kwa sauti ukurasa wa kaburini.

"Mmesikia? Shemeji mwenyewe ameandika, majina tu kabadilisha. Mimi nililia. Aliyemuua mdogo wangu ni mtu wa kuja."

Wazee walitazamana kama watu waliotuliwa mzigo. Kornelia akainuka.

"Nilibadilisha! Niliambiwa nibadilishe ndipo kichapwe. Mwanzoni muuaji alikuwa kaka mtu!"

"Sasa mwanangu," akasema shangazi Mektrida, taratibu, "kama kitabuni ulidanganya, tutajuaje kwamba sasa hudanganyi?"

Kornelia akaketi tena. Kabla ya mvua za masika Primus alikuwa amepanda masale, mimea ya kuwekea mpaka, kuzunguka kihamba, na Kornelia akabakiwa na nyumba na kiwanja chake.

Jumamosi moja aliteremka tena Soweto. Julius alimpokea kwa furaha, akammiminia chai.

"Mwalimu, mchapishaji anataka cha pili. Yule kaka mwema watu wamempenda sana. Mrudishe."

Kornelia aliinywa chai mpaka ikaisha. Kisha akaaga, akaenda stendi kutafuta gari la Kibosho.