Nguo za Kwaya Ziko Tayari

Kitambaa kikishaingia kwenye kibanda cha Naeku, mteja alikiaga kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni. Kingerudi, tena kingerudi kimependeza, lakini lini, hilo alilijua Mungu. Hakuna aliyeshona kama Naeku katika Kitengela nzima. Wanawake walitoka Isinya na hata Namanga kumletea kazi. Shida ilikuwa mdomo wake. "Njoo Ijumaa," alimwambia kila mteja, akitabasamu huku pini zimemjaa midomoni. Mteja akija Ijumaa alikuta kitambaa kimekunjwa vilevile alivyokileta, na Naeku akimwapia kwamba vimebaki vifungo tu. Ikafika mahali mtu yeyote pale mjini akichelewesha jambo, iwe kujenga choo au kuoa, watu walisema amelipeleka Ijumaa ya Mama Resian, maana ndivyo walivyomwita Naeku kwa jina la mwanawe.

Yeye mwenyewe hakuuona huo kuwa uongo. Alikuwa ameokoka tangu mwaka wa mvua za El Nino, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na hakusengenya kupita kiasi. Ijumaa kwake ilikuwa lugha ya kazi tu, kama vile daktari anavyosema sindano haiumi.

Basi Jumapili moja ya mwaka 2003, Mchungaji Maundu alisimama kwenye kanisa lao la mabati akahubiri juu ya kweli. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alisema Mkristo hawezi kumwabudu Mungu wa kweli kwa ulimi wa kukodi. Aliwaambia waumini wafumbe macho, kila mtu akumbuke uongo wake wa mwisho. Naeku alifumba macho, akatafuta, hakupata kitu, akamshukuru Mungu.

Hapo simu ikalia ndani ya kiondo chake. Ilikuwa simu mpya, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na bado hakujua kuizima. Aliinama chini ya benchi.

"Haloo? Eh, Mzee Metito! Koti lako? Ndio nalishona sai. Niko kwa mashini hapa, mguu uko kwa kanyagio."

"Tuseme amina!" akanguruma Mchungaji Maundu.

"Amina!" likaitika kanisa lote.

Kisha Mzee Metito akauliza kwa upole, "Mama Resian, hiyo mashini yako imeokoka lini?"

Naeku aliinuka kutoka chini ya benchi uso ukimwaka moto. Aliona kama mahubiri yale yamekatwa na kupimwa kwenye mwili wake yeye peke yake. Ibada ilipokwisha hakungoja kusalimia mtu. Alikwenda nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwahidi Mungu kwamba kuanzia Jumatatu hatasema tena neno lisilo la kweli, hata likiwa dogo kama kishikizo.

Jumatatu asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Mzee Metito mwenyewe, na fimbo yake begani.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Naeku akajibu, na akavuta pumzi. "Mzee, koti lako sijaligusa. Nakosea, nililigusa. Mvua ilipovuja nilifunikia mashini nalo."

Mzee alishusha fimbo begani. "Sasa nitarudi lini?"

"Sijui, mzee."

"Si useme tu Ijumaa?"

"Siwezi. Nimeahidi Mungu."

"Wewe mama," Mzee Metito akasema kwa uchungu, "ungeniambia Ijumaa ningeenda zangu na roho imetulia. Sasa umenipa nini nipeleke nyumbani?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Waliomfuata hawakuwa afadhali. Mmoja aliambiwa suruali ya mumewe ilikatwa vibaya na sasa ingemtosha mtu wa mguu mmoja. Mwingine aliambiwa kitambaa chake hakijulikani kilipo. Ikafika zamu ya Nalotuesha, mama mnene mchangamfu, ambaye gauni lake kwa bahati lilikuwa limekwisha. Alilivaa, akazunguka mbele ya kioo.

"Niambie ukweli, Mama Resian. Si limenipunguza?"

"Mama, hilo ni gauni," Naeku akasema. "Kupunguza mtu si kazi ya gauni."

Nalotuesha aliondoka analia, na gauni bado mwilini.

Deeqa, aliyeuza vitambaa duka la pili, alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mabati. Alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni. Familia yake ilitoka Garissa, na kwa miaka mingi yeye na Naeku walikuwa wakikopeshana chumvi, mkaa na maneno.

"Naeku, uko mgonjwa?"

"Nimeacha uongo."

"Alhamdulillahi. Na ile nguo yangu ya Idi?"

"Iko chini ya lile gunia. Sijaanza."

"Idi imepita mara mbili."

"Najua, Deeqa. Nisamehe."

Deeqa aliketi kwenye kigoda, akacheka hadi mtandio ukamteleza. Kisha akawa na uso wa kazi. "Sikia. Hiyo yangu umesema vizuri, kwa sababu nimekuuliza habari ya nguo yangu. Lakini yule mama umemfanyia nini? Kweli si mawe, eti ukiwa nayo mkononi lazima urushie mtu. Hiyo rangi ya gauni imemkubali sana. Hiyo pia si ni kweli? Mbona hukusema hiyo?"

Jioni Naeku alikwenda kwa Nalotuesha kumwomba radhi, akamwambia habari ya rangi, na kwa kuwa ilikuwa kweli tupu aliisema kwa raha, mara tatu.

Lakini jambo zito lilikuwa bado. Jumamosi hiyo kulikuwa na kongamano la makanisa yao yote kule Kajiado, na Askofu angekuwepo. Kwaya ya Kitengela ingeimba, na sare za kwaya zilikuwa kwa Naeku. Siku ya Jumanne, Mbeke, kiongozi wa kwaya, alipita kuuliza.

"Zimebaki vifungo tu, si ndiyo?"

"Zimekatwa," Naeku akasema. "Hazijashonwa. Hata moja."

Mbeke alishika nguzo ya kibanda. "Yesu wangu! Na wiki jana uliniambia..."

"Wiki jana nilidanganya. Leo nakuambia kweli: nikianza sai, nisipige hadithi na mtu, zitakuwa tayari Ijumaa."

"Usiniambie Ijumaa!" Mbeke akapiga kelele. "Niambie siku nyingine yoyote, lakini si Ijumaa!"

Naeku alivuta kiti, akakanyaga cherehani. Watu waliopita barabarani walishangaa kuona kibanda kina mtu ndani anayeshona kweli. Deeqa alimletea chai ya tangawizi na kufukuza wageni mlangoni. Mgongo ulimuuma, vidole vilitoboka, na kuna wakati kola ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu ilimkatalia hadi akaisemesha kwa Kimaasai. Lakini Ijumaa, jua likiwa bado juu ya tambarare za Athi, sare kumi na sita za rangi ya zambarau zilining'inia kwenye kamba, zimepigwa pasi, vifungo vyote mahali pake. Naeku alikaa akazitazama. Hakuwahi kuona Ijumaa yenye sura hiyo.

Hapo akatokea Mchungaji Maundu. Alizitazama zile sare, na uso wake ukashuka.

"Zimekwisha?" akauliza. "Zote?"

"Zote, mchungaji. Kwa neema ya Mungu."

"Wui!" Mchungaji aliketi kwenye kigoda kama aliyepewa habari ya msiba. "Na vile nilikuwa nakutegemea, Mama Resian. Nilijua kabisa hazitakuwa tayari."

Kidogo kidogo akamweleza. Askofu alikuwa amempigia simu wiki iliyotangulia kumwuliza kwaya yake ina watu wangapi, kwa sababu alitaka kuipa kwaya iliyo kubwa kuliko zote kinanda kipya. Mchungaji alijibu kumi na sita. Simu ilikuwa ikikwaruza. "Sitini?" akauliza Askofu kwa furaha. Na Mchungaji Maundu, badala ya kusema hapana, alisema, "Bwana asifiwe."

"Hilo si uongo," akaongeza haraka. "Bwana asifiwe ni kweli mahali popote."

Naeku alinyoosha kola ya sare iliyokuwa karibu.

"Sasa kesho ataniuliza wengine wako wapi. Mimi nilikuwa niseme fundi hakumaliza nguo, wakabaki nyumbani. Mama Resian, ni neno dogo tu. Wewe kila mtu anakujua! Hata ukisema ulimaliza, nani ataamini? Fikiria kinanda. Ni cha kazi ya Mungu."

"Mchungaji," Naeku akasema taratibu, "maisha yangu yote nimedanganya kwamba nguo ziko tayari. Leo ziko tayari, unataka niseme haziko?"

Mchungaji alisimama, akajifuta jasho, akasema wataliombea jambo hilo. Naeku hakuuliza litaombewa kwa njia gani.

Kesho yake walikwenda Kajiado kwa lori lililozoea kubeba mchanga, wanawake wameshika sketi zao juu zisichafuke. Hema kubwa lilikuwa limesimamishwa uwanjani, watu wametoka Kiserian, Ngong na Bissil. Kinanda chenyewe kilikuwa mbele, juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cheupe kama maiti wa heshima.

Kwaya ya Kitengela ilipopanda jukwaani, watu walipiga makofi kwa ajili ya zile sare. Askofu, mzee mrefu mwenye miwani, aliinuka na kipaza sauti.

"Kitengela, mmependeza. Lakini mimi niliambiwa mko sitini. Mchungaji Maundu, hao wengine umewaacha wapi?"

Mchungaji alicheka kicheko kikavu. "Ah, Baba Askofu, ni mambo ya nguo. Unajua mafundi..."

Hema lote likacheka, kwa kuwa kila mtu humo alikuwa na fundi wake na Ijumaa yake.

"Fundi mwenyewe yuko?" Askofu akauliza.

Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono hadi kwa Naeku, katikati ya sauti ya pili. Uongo ulikuwa pale ulimini, umeshonwa tayari, ungemkaa vizuri na watu wote wangeuamini. Na kweli nayo ilikuwa pale, yote, na simu yake na Bwana asifiwe yake, na angeweza kumvua mchungaji nguo mbele ya kanda nzima. Alimtazama Maundu. Jasho lilikuwa limeloanisha kola ya yule mtu, kola ambayo yeye mwenyewe aliishona. Akamhurumia. Akaamua ajibu alichoulizwa.

"Baba Askofu, nguo ziko tayari zote," akasema. "Kwaya yetu ni watu kumi na sita. Nimewapima mimi mwenyewe, mabega na viuno. Nguo ni kumi na sita. Nilimaliza jana, Ijumaa."

"Ijumaa!" wakadakia waumini wa Kitengela kwa mshangao, na mmoja nyuma akasema, "Sifa kwa Bwana!" kana kwamba kipofu ameona.

Naeku alimpa mchungaji kipaza sauti, akarudi kwenye mstari wake. Mchungaji alikishika kwa mikono miwili.

"Baba Askofu," akaanza, "ile siku simu ilikuwa mbaya..." Akakwama. Akatazama kile kinanda, akatazama waumini wake. "Simu ilikuwa mbaya kweli. Lakini mimi nilisikia vizuri. Uliuliza sitini, nami nikakuacha hapo. Kisha leo nimetaka kumtwika mama huyu lawama. Nisameheni."

Askofu alivua miwani, akaifuta polepole, akairudisha. "Imbeni," akasema.

Waliimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa aibu tupu, sauti ya nne iliingia ikiwa imechelewa kama mgeni wa harusi. Wa pili ulisimama. Kinanda walipewa watu wa Kiserian, waliokuja wengi hadi wakajaza jukwaa.

Safari ya kurudi ilikuwa kimya. Mbeke alikaa amempa Naeku mgongo. "Ungenyamaza tu," akasema mara moja, bila kugeuka. "Kinanda kilikuwa chetu." Naeku naye kinanda alikitaka. Mchungaji Maundu, ambaye nafasi yake ilikuwa mbele na dereva, alikuwa amepanda nyuma na wengine, na vumbi lilimkalia kwenye nyusi.

Isinya walisimama kunywa chai. Walipokuwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya hoteli, alikuja mtu mmoja mpana, ana kofia mkononi. Alisema anaitwa Nzioka, anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe Kitengela, na alikuwa Kajiado hemani akasikia yote. Sauti yake ilitoka chini kabisa, hata vikombe vikatetema. Mbeke, aliyekuwa amenuna tangu Kajiado, aligeuka mara moja.

"Unaimba?" akauliza.

"Naimba besi. Lakini nimehama makanisa mengi," Nzioka akasema. "Kila mahali naambiwa ibada inaisha saa sita, na haiishi. Mimi niko na ng'ombe wa kunywesha. Mchungaji, niambie, kwenu ibada inaisha saa ngapi?"

Mchungaji Maundu alifungua kinywa. Kwaya yote iliacha kunywa chai ikamtazama, na Mbeke, aliyeitamani ile besi kuliko kinanda, alikuwa akimwashiria kwa kichwa aseme saa sita. Mchungaji alifunga kinywa, akakuna shingo, akafungua tena.

"Ndugu yangu," akasema, "ni saa nane. Nikishikwa na Roho, tisa. Na mara nyingi si Roho, ni mimi tu napenda kuongea."

Nzioka alifikiri, akizungusha kofia vidoleni.

"Basi nitanywesha ng'ombe kwanza," akasema, akavuta benchi, akaagiza chai.