Kitabu cha Kumi na Moja

Mgongo wa baba ulikuwa umeiva rangi ya biringanya, naye alikuwa amelala kifudifudi. Daktari wa mtaani aliinua shati, akatupa jicho la haraka, akalishusha. Alikuwa na wagonjwa wanaomsubiri. Akamuuliza mama ilikuwaje. Mama akasema alfajiri alimsikia akikohoa, akageuka akalalia tumbo, basi, akanyamaza. Daktari akaandika kwamba ni moyo.

Mimi nilisimama mlangoni, miaka kumi na sita. Nilijua jambo ambalo sikupaswa kulijua.

Hapo lazima nikueleze habari ya vitabu. Mama alikuwa fundi cherehani, na ulevi wake ulikuwa riwaya za yule daktari mwanamke anayepasua maiti na kuwaumbua wauaji. Kila mwaka kilitoka kimoja. Mama alikijalidi kwa gazeti, akakiandika namba, akasoma yeye kwanza, kisha akanipa mimi. Kwa zamu, tena bila kuruka! Ukimwomba cha mbele alikutolea macho kama umemwomba figo. Wakati ule, kwa haki, mimi nilikuwa kwenye cha tisa. Lakini mama akienda kuwapima wateja nyumbani kwao, nilikuwa namwibia cha kumi na moja kutoka chini ya vitambaa, kurasa tano tano.

Na humo ndimo daktari yule anamoeleza kwamba mtu akifa, damu hushuka upande aliolalia, ngozi ya huko ikaiva rangi, na saa nyingi zikipita, hata ukimgeuza haihami. Kwa hiyo baba alikufa chali, pengine kabla hatujazima taa. Alfajiri hakukohoa mtu. Mama alikuwa amemgeuza.

Usinielewe vibaya, baba nilimpenda. Lakini alikuwa mwepesi wa kupiga, na mama alijishonea mikono mirefu hata wakati wa joto. Ningefungua mdomo, ningewapoteza wazazi wote wawili kwa siku moja. Niliogopa, nikaufunga. Hata leo, vitabu vimefika ishirini na sita na macho ya mama yamefifia hadi namsomea mimi, sijamuuliza alimfanya nini baba, au ni nini hakumfanyia.

Watu walipopungua, mama alinifuata jikoni nikichemsha maji.

"Umefika cha ngapi, mwanangu?"

"Cha tisa, mama."

Alinitazama mpaka maji yakafurika. Kisha akanishika shavu, vidole vyake vikiwa baridi kabisa, akaniambia nipunguze moto.

Mwezi uliofuata alinipa cha kumi. Nilipokimaliza, akaniwekea mezani cha kumi na mbili. Kile kingine, alisema, kuna mteja alikiazima akahama nacho. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwazima mtu hata sindano! Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Nilisoma siku tatu, naye kwenye cherehani akinitupia jicho kila nilipofungua ukurasa. Siku ya tatu akasimamisha mguu.

"Hujapotea, kwa kukosa kile kimoja?"

"Sijapotea, mama. Naelewa kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akainamia kitambaa chake. Nilibaki nimeinamisha uso kitabuni, nikisubiri cherehani ilie, na haikulia.