Batri ya Kwenda Ukweni Kavumu

Murhula, fundi wa nguo wa mtaa wa Nyamugo, Bukavu, alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo halikuwaka ila likiteremka mlima. Batri yake ilikufa zamani. Kwa kuwa mji huo ni vilima vitupu, jambo hilo halikumsumbua: aliegesha juu, akaachia breki, gari likabingirika, akatia vitesi, yaani gia, likakohoa, likawaka. Taratibu maisha yake yote yakafuata miteremko. Rafiki yake mmoja alihamia mahali tambarare kando ya ziwa, na urafiki ukafia hapo.

Shida ilikuja alipopenda. Mélanie, muuza vitenge, alikuwa mtoto wa Kavumu, na Kavumu, ulizeni yeyote aliyepanda ndege pale, ni tambarare kama meza ya kupigia pasi. Baba yake Mélanie kila mara aliuliza huyo mchumba atakuja lini, na kila mara Murhula alikuwa na sababu: mvua, matanga, sindano ya mashine imevunjika.

"Sema tu kama haunitaki," Mélanie akamwambia.

"Nakutaka sana. Lakini kwenu hakuna mulima."

Mélanie akamjibu: "Enda ununue batri. Siku ya Mungu tunaenda."

Jumamosi asubuhi Murhula akafungua boneti. Mtu mwingine angeifungua ile batri nzee na kwenda nayo dukani. Lakini Murhula alisifika mtaani kwa kushona suti bila kumpima mtu: alimzungusha mteja mara moja, akafumba jicho moja, basi. Aibebe batri yenye kutu kwa sababu gani? Akaweka viganja pande mbili za batri, akakaza viwiko, akashika njia ya Nyawera, kwenye maduka ya vipuri, na ule upana mikononi, kama mtu aliyebeba sanduku lisiloonekana.

"Samaki hiyo ulivua wapi?" mchuuzi mmoja akamuuliza. Murhula akakaza mwendo. Mama muuza ndizi akamwomba apishe na mzigo wake. Alikuwa karibu kufika alipotokea Tonton Guy, mjomba wake, mtu mwenye tumbo na mapenzi mengi, akamkumbatia kwa nguvu.

"Batri yangu!" Murhula akapiga kelele kifuani mwa mjomba.

Alipoachiliwa, mikono yake ilikuwa bado imetengana. Ila sasa ilikuwa na upana wa Tonton Guy.

Duka lilikuwa la Maman Bintu. Murhula akaingia na mikono yake mbele.

"Maman, jambo. Natafuta batri. Iko hivi."

"Ya camion, lori kubwa?"

"Hapana, ya gari kidogo. Kifua pana, kimo kifupi, mabega sawasawa."

"Papa, unatafuta batri ao bwana wa dada yako?" Bintu akaguna, akagusa ncha ya chanya ya batri iliyokuwa mezani. "Plus yake iko upande gani?"

Hapo Murhula akapanua kifua. Fundi asiyejua kushoto na kuume atashonaje mikono ya koti? "Kushoto."

"Kushoto kwako, ao kushoto kwake?"

Murhula akatazama mikono yake. Maisha yake yote alisimama mbele ya wateja, na kushoto kwao kulikuwa kuume kwake. Hakuona njia ila kuwa batri yeye mwenyewe. Akachuchumaa katikati ya duka, akainamisha kichwa kana kwamba yuko chini ya boneti, akawaza, kisha akanyoosha mkono mmoja. "Plus ni huku!" Wanunuzi wakampigia makofi.

"Leta ile ya zamani," Bintu akamsihi. "Tunaiweka karibu na ingine, tunaona."

"Jicho yangu haidanganyake, maman."

Akapewa alichotaka. Alipofika nyumbani, batri mpya ilikataa kuingia. Akaigeuza, akaiinamisha, hata akavuta pumzi ndani kwa niaba yake, kama wafanyavyo wateja suti inapobana. Waya hazikufika, maana plus ilikuwa upande mwingine. Boneti haikufunga. Nguo angeifumua, batri haina mshono. Mwishowe akapanda pikipiki ya moto-taxi, batri moja kwenye kila paja, akarudi dukani. Bintu hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akaipanga ile nzee kando ya nyingine, akatoa moja iliyofanana nayo kama pacha: upana uleule, kimo kilekile, plus palepale.

Siku ya Mungu, Jumapili, gari liliwaka mahali lilipokuwa limesimama, na Murhula akataka kulia.

Huko Kavumu, Papa Bulonza, baba yake Mélanie, aliwangoja na wajomba. "Papa, angalia," Murhula akasema kwa furaha. Akazima, akawasha. Bulonza akataka arudie kwa ajili ya mjomba aliyechelewa. Kisha majirani nao wakataka kuona. Kisha mashangazi wakaomba muziki, na Murhula akafungua milango yote, akafungulia redio mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, akawasha na taa ili ipendeze. Wakacheza mchana kutwa. Mazungumzo ya mahari yakaenda kama maji.

Wakati wa kuaga Murhula akazungusha ufunguo, gari likasema, "Tk."

"Fanya tena," Bulonza akasema, akidhani ni sehemu ya onyesho.

Basi ukoo wote ukasukuma, mama mkwe akiwa amejifunga kitenge chake kizuri kiunoni. Mélanie, kwa kuwa mwepesi, aliwekwa kwenye usukani. Walimweleza jinsi ya kuliwasha gari likisukumwa, naye akaelewa vizuri. Jinsi ya kulisimamisha hakuna aliyekumbuka kumweleza. Gari likanguruma, likatoka uani, likashika barabara ya Bukavu.

"Mukwe, kimbia!" Bulonza akapiga kelele.

Murhula akakimbia, tai ikipepea begani, mpaka mbele kundi la ng'ombe lilipoanza kuvuka, Mélanie akainua mguu, na gari likapunguza mwendo. Akafungua mlango wa abiria, akajitupa ndani, akihema.

"Nipe usukani."

"Hapana," Mélanie akasema, macho yakimwaka kwa raha. "Miye njo naendesha. Weye angalia ng'ombe."

Murhula akaangalia ng'ombe.