Kengele Iliyongojeshwa

Mimi Gumato sina shida na kompyuta. Shida yangu ni watu wanaosema "usijali" kabla hawajaangalia. Mwongera ni kijana mpole, mtoto wa mwalimu kutoka Meru, na bado nikimwona njiani roho inaniuma.

Sisi akina mama wa maziwa ya ngamia hapa Isiolo tuna tangi moja la kupozea. Mitungi ya plastiki inakuja kwa basi kutoka Garbatulla, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi ya mama anayeupokea. Uzi mwekundu wa Mama Sagal ndio ulikuwa mwingi. Mkataba hakuna. Wafugaji walimletea kwa sababu walimwamini, basi. Na yeye aliilinda imani hiyo kwa mkono wake: siku nzima alikuwa akienda kulishika tangi, ananusa, anarudi kuketi.

Mwongera alipoletwa kutengeneza mashine ya tangi, kompyuta ileile inayopokea oda za wateja, alimwonea huruma. Akatuandikia kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua ishara gani ikatize kazi na ipi ingoje.

"Mama, ishara ya joto la maziwa nimeipa nafasi ya kwanza," akamwambia. "Joto likipanda, kazi zingine zote zinaachwa, kengele inalia. Wewe pumzika."

"Ya kwanza kweli?" Mama Sagal akauliza.

"Ya kwanza kweli."

Basi akaanza kubaki nyumbani mchana. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mama wa watu alikuwa amechoka.

Ikafika siku ya kuamkia Idd. Oda za simu zikamiminika tangu asubuhi. Mota ya tangi ikafa, joto likapanda, kengele kimya. Ikaja kulia alasiri, oda zilipopungua. Nilifungua mfuniko, nikaufunga tena. Na msiniambie habari ya susa, maziwa yetu ya mgando. Susa tunaigandisha kwa mpango, kwenye chombo kilichofukizwa moshi. Haya yalikuwa yameoza. Wateja wetu wakala Idd na chai ya rangi, na Garbatulla habari ilifika kabla ya basi.

Mwongera alikaa na ile mashine mpaka akajua. Akanieleza mimi kwanza, macho mekundu. Mashine ni moja, lakini chini kabisa kuna programu nyingine inayoigawa ionekane mbili: upande wa tangi na upande wa mauzo. Kiini chake kilidhani kimeshika mashine yote, kumbe kinapewa zamu tu. Na aliyetuuzia mashine alikuwa ameuweka upande wa mauzo mbele. Oda zikifuatana, upande wa tangi haupati zamu. Ishara ya joto inafika, inawekwa kando, inangoja. Ni ya kwanza, ndiyo, lakini ya kwanza ndani ya chumba ambacho mlango wake umefungwa.

"Nilipanga ndani tu, Mama Gumato," akasema. "Huko chini sikuangalia."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Alikuwa analia, nikamwekea chai.

Akairekebisha, haki yake nimpe. Halafu akamwita Mama Sagal aje asikie mwenyewe. Sasa, asubuhi hiyohiyo mzee Elema wa Garbatulla alikuwa amenipigia simu. Wafugaji wamekaa, wameamua: Mama Sagal aliliacha tangi peke yake, kuanzia kesho maziwa yao yatakuja kwangu. Nikasema sawa. Ningesema nini? Wana watoto shuleni. Lakini Mama Sagal ndiye aliyenifundisha kazi hii, na sikujua nitaanzia wapi kumwambia.

Mwongera akafungulia oda za kubuni, nyingi kuliko za Idd, kisha akakipasha moto kipimo cha joto. Kengele ikalia papo hapo.

"Umesikia, Mama? Sasa hakuna kinachoipita, juu wala chini. Rudi kazini, tafadhali."

Mama Sagal alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mwonyeshe Gumato namna ya kuizima, mwanangu," akasema. "Mzee Elema alinipigia na mimi. Maziwa sasa ni yake."

Akanishika bega, akatoka.