Kalibu ya Marehemu

Ko, ko, ko. Mlio wa nyundo ulimpokea kabla hajafungua mlango wa karakana. Mtu alikuwa anaipiga kalibu.

Walimwita Msasa kwa kazi yake ya kusugua, na kwa ulimi wake. Kalibu ile aliiunda marehemu baba yake: unaitandika vitambaa vya faiba kwa ndani, unavilowesha resini, ile gundi ya maji, ikikauka unatoa mashua nzima kama keki kwenye bati. Mashua ya kwanza ilishika mkia mashindanoni, watu wakamcheka mzee mpaka wakashika mbavu. Akaikwangua kalibu, akairekebisha, akaikwangua tena. Mashua zilizofuata ziliwafunga midomo, na zote zilitoka humo.

Ndani alimkuta baba yake mdogo kaloa jasho, nyundo mkononi. Kando yake nahodha aliyeagiza mashua alikuwa hatulii. Mashua ilikuwa imeng'ang'ania kalibu.

Msasa akauliza nani alipaka nta ya kufanya mashua isigande. Baba mdogo akang'aka: mteja ana mashindano Jumamosi, nani ana muda wa kupaka na kung'arisha, kupaka na kung'arisha, kama anapamba bibi harusi? Dawa ni kuipasua kalibu, mashua itoke salama. Kalibu nyingine itaundwa.

"Na nani? Wewe?" Msasa akamuuliza.

Aliyelijua umbo lile alikuwa kaburini.

Hasira zilimpanda Msasa mpaka masikio yakamwaka. Alichukua msumeno ukutani, akaingia ndani ya mashua mpya iliyong'aa, akaanza kuikata. Nahodha akapiga kelele kwamba hiyo ni mali yake. Baba mdogo akauliza kama mtoto amepagawa.

"Shukuru nakata mashua, baba mdogo."

Aliikata vipande, akavibandua kimoja kimoja kwa kabari za mbao, vumbi likimwasha shingo. Kipande cha mwisho kilipoachia, akapitisha kiganja kwenye kalibu. Nyundo ilikuwa imeacha ufa mdogo ukingoni. Umbo lilikuwa zima.

Akamgeukia nahodha, akampa msumeno.

"Jumamosi imekupita, kaka. Mashindano yajayo utaingia na mashua iliyotoka humu, na nta nitapaka mwenyewe. Nisipokupa, njoo na msumeno huu, uikate kalibu ya baba yangu mbele ya macho yangu."