Aliyefungua Faili la Vipimo

Mratibu mpya alikabidhiwa ofisi na kila kilichomo, pamoja na uso wa marehemu. Uso huo ulikuwa picha ya akaunti ya ofisi: mwanamke anacheka, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Hakuna aliyepata moyo wa kuuondoa, na yeye mgeni angeanzia wapi?

Shirika lenyewe lilikuwa dogo. Mbele ofisi, nyuma karakana ambamo vijana waliunda viti vya magurudumu vya watoto. Mlango wa katikati haukufunga sawasawa, hivyo harufu ya mpira na grisi ilishinda mezani kwake. Habari zote za watoto zilitunzwa kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni ambayo mashirika madogo hupewa bure. Aliyewaingiza huko alikuwa mratibu wa kwanza, ambaye vijana walimwita Dada Mkubwa. Homa ilimshika ghafla, na kabla watu hawajamaliza kuulizana anaendeleaje, wakawa wanachimba kaburi.

Faili lililofunguliwa kuliko yote lilikuwa la vipimo: urefu wa mgongo wa mtoto huyu, upana wa nyonga za yule. Watu kadhaa waliweza kulifungua kwa pamoja, kila mmoja kwenye kifaa chake. Aliyeingia, duara lake lilitokea juu ya ukurasa likiwa na picha au jina, na kishale chake kikaonekana kikitembea kwenye maandishi.

Mchana mmoja, vijana wametoka, mratibu alikuwa akirekebisha vipimo vya mtoto aliyerefuka. Juu ya ukurasa pakatokea duara la zambarau. Halikuwa na picha. Alisogeza kipanya akalisoma. Lilikuwa jina kamili la Dada Mkubwa.

Kishale cha zambarau kilishuka taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma kwa kidole. Kilifika pale alipokuwa akiandika, kikasimama.

Alirudisha kiti nyuma kwa kishindo. Fundi mkuu, mzee wa utani aliyeitwa Spoku, kama njiti ya gurudumu, kwa wembamba wake, akachungulia mlangoni.

"Vipi, umeona nyoka?"

"Spoku, njoo uone hapa."

Alipofika, duara lilikuwa limeshatoweka. Mratibu akamweleza. Spoku alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Mitandao hiyo," alisema mwishowe. "Haijui kuzika." Akarudi kazini, na siku nzima hakutania mtu.

Kesho yake duara likaja tena, na keshokutwa. Mratibu akaanza kuhamishia kazi zake asubuhi, ila mchana ukifika alijikuta amelifungua faili, anasubiri. Siku moja kishale kilikwenda hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye nafasi tupu. Herufi zikaanza kutoka, moja moja, nyingine zikifutwa na kuandikwa upya.

Umekula?

Vidole vikajibu kabla akili haijaamua.

Bado.

Kishale kikashuka mstari mmoja. Kisha: Kula mwanangu.

Hapo akaelewa ni nani anayeandika, wala hakupata nafuu. Dada Mkubwa alikuwa na mama. Mratibu alimwona kwenye arobaini, pale nyumbani kwao, amekaa chini ukutani, hatazami mtu. Kompyuta ya marehemu ilikuwa imebaki nyumbani.

Ilimpasa kuandika sentensi moja tu: Mama, huyu si yeye. Aliiandika, akaiangalia, akaifuta kabla haijaisha. Akaandika: Sawa mama.

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza. Kulala je? Salama. Jua huko? Kali. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, na kila baada ya neno mratibu aliapa kwamba kesho atasema. Shangazi mmoja aliyekuja kuchukua kiti cha mpwa wake alimshangaa: "Mbona unaongea na hiyo kompyuta kama mtu?" Mratibu hakujua kwamba midomo yake ilikuwa ikitembea.

Halafu hifadhi ikajaa. Picha za viti vipya zilikataa kupanda, na ili kupata nafasi ilibidi kufunga akaunti zisizo na kazi. Iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote ilikuwa akaunti binafsi ya marehemu, ile aliyoitumia mama. Mratibu alikuwa bado anaitazama pale kwenye orodha, duara la zambarau lilipotokea kwenye faili. Safari hii maandishi hayakusitasita.

Njoo nyumbani.

Alichukua mkoba akaondoka, kompyuta akaiacha vilevile, inawaka.

Nyumba ilikuwa na mlango wa bluu na dirisha moja lililofunguliwa. Mama alimkuta akibisha, akasimama akitazama nyuma yake barabarani, kana kwamba kuna mwingine anayefuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita."

Sebuleni kompyuta ilikuwa juu ya meza, imetandikiwa kitambaa. Kwenye kioo lilikuwa faili la vipimo. Na juu kulia, kwa sababu ofisini kompyuta iliachwa wazi, palikuwa na ule uso unaocheka, na miwani ya kuchomelea.

Kumbe wakati mratibu alikuwa akimwogopa marehemu, mama huyu alikuwa akimwona mwanawe amekaa kazini.

"Mama," alisema, "ile akaunti ya ofisi naitumia mimi. Picha hatukuibadilisha. Anayekujibu ni mimi."

Mama alikaa. Aliangalia kioo, akamwangalia mgeni, akarudi kwenye kioo.

"Wewe ndiye hujala mpaka mchana?"

"Ndiyo mama."

"Na jua kali ni lako."

"Ndiyo."

"Nilimzika mwenyewe," mama alisema. "Mimi si mwendawazimu. Nilikuwa nafungua nisome alichoandika, basi. Kisha nikaona picha yake imetokea, na kishale chake kinatembea kwenye ukurasa. Nikasema, siulizi. Nikiuliza itaondoka." Akamgeukia mratibu. "Lakini nikauliza. Na wewe ukajibu. Kwa nini ulinijibu?"

"Nilishindwa kukwambia hapana."

"Ungenyamaza! Kunyamaziwa nilishazoea."

Mratibu alilia, na mama hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka aishiwe. Kisha akainuka akaleta maji, akaweka bilauri mezani bila kusema karibu.

Kazi ilichukua jioni yote. Mratibu alinakili kila picha na kila sauti ya marehemu, akaziweka ndani ya kompyuta ile, zifunguke hata bila intaneti. Akamwonyesha mama, wakarudia mpaka akaweza mwenyewe. Akaunti ya zambarau ikafungwa. Ikabaki ya ofisi.

"Toa na hiyo," mama alisema. "Sitaki mtu mwingine aione imetokea."

Uso ukatoka. Palibaki duara la kijivu.

"Hapo hapaachwi wazi," mama akasema. "Weka wako." Akashika simu ya mratibu kwa mikono miwili, akaiinua. "Angalia huku."

Ndiyo picha iliyopo kwenye akaunti hadi leo: mratibu macho mekundu, hacheki. Spoku alipoiona aliuliza ilipigiwa wapi, kwa sababu nyuma ya bega kuna mlango ulio wazi nusu, na ndani yake kona ya kitanda kilichotandikwa vizuri. Mratibu alimwambia: nyumbani kwa Dada Mkubwa, na kitanda ni chake. Spoku akamshauri aikate ile sehemu, ni jambo la dakika moja tu. Mratibu aliitikia, akashika kipanya, akaiacha picha ilivyo. Kisha akafungua vipimo vya mtoto anayefuata.