Gasketi ya Kugonga

Walimbeba Sofia kwa turubai, wanaume wanne, mvua ikiwanyeshea, na nyuma yao teksi ya mumewe inasukumwa. Mimba ya miezi minane! Asubuhi ile ile alikuwa amekaa kizingitini pangu, ananicheka ninavyomenya ndizi.

"Moshi," Kitwana, mumewe, aliniambia, akatapika pale pale uani. "Tulifunga vioo kwa sababu ya mvua. Kufika Mnazi Mmoja namwita, haitiki. Mama Candida, haitiki!"

Tukamlaza kitandani kwangu. Mume wangu, Melkiori, alibaki amesimama mlangoni mwa gereji yake, kakauka, spana mkononi. Injini ile aliifunga yeye, jana.

Na nilisema! Kitwana alikuja na gasketi ya dukani, nene, laini, imefunikwa shaba, ya kuziba pale bomba la moshi linapokutana na injini. Melkiori akaitupa rafuni. Msimbazi nzima ilijua kwamba fundi Melkiori hanunui gasketi, anaigonga. Anatandaza karatasi ngumu juu ya injini, anapita na nyundo kwenye kingo za matundu, ngo, ngo, ngo, mpaka karatasi inajikata yenyewe. Kwa malori, hakuna aliyemfikia.

"Lakini malori ni chuma," nilimwambia. "Hii ni aluminiamu, kama sufuria zangu. Na sufuria zangu zote umezibonyeza kwa kugongea mwiko."

"Mke wangu, wewe pika."

Nikapika, nimevimba kwa hasira.

Sasa alifungua injini mbele ya watu wote. Mimi nilitoka kuchota maji nikaona. Kingo za matundu zilikuwa zimebonyea, na kila mahali nyundo ilipotua, moshi ulikuwa umepita na kuacha masizi. Alipitisha kidole pale, taratibu, akarudia tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezabwa kibao na mama yake.

"Yesu wangu," alisema. "Severa, ni mimi."

Nikabeba maji yangu nikarudi ndani. Ningefungua mdomo, ningemrarua.

Mkunga alikuja, akalaza sikio tumboni kwa Sofia, muda mrefu mno. "Mama atapona. Mtoto, moyo wake nausikia kwa mbali. Acheze kwanza, ndipo nitasema neno."

Basi tukangoja. Mvua ilikatika. Kutoka dirishani nilimwona Melkiori akikisugua kile kipande cha injini kilichobonyea juu ya kioo kilichopakwa unga wa msasa, ili kiwe sawa tena, anakisugua kama anamwogesha mgonjwa. Gari lile nani alilitaka tena? Hakuna. Lakini mikono yake haikujua pa kwenda. Kisha akaenda rafuni, akaichukua gasketi ya dukani, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaipachika. Alikaza nati kidogo kidogo, akianzia katikati, na kila akikaza moja alisimama akasikiliza chumbani kwetu. Kitwana alichuchumaa kando yake.

Jua linainama, Sofia akafumbua macho.

"Dada Severa," alisema, "hachezi."

Akanishika mkono, akauweka tumboni, akaukandamiza kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimezaa mara tano na sikuwahi kuogopa tumbo la mtu. Siku hiyo niliogopa. Ngozi ilikuwa ya moto na chini yake kimya. Tukakaa hivyo hivyo, yeye akinitazama usoni, mimi nikitazama ukuta ili asinisome.

Kisha, chini ya kiganja changu, kitu kiligonga. Kikatulia. Kikagonga tena, kwa ujeuri.

Sofia akaanza kulia. Mimi nikakimbilia dirishani, mdomo wazi, sauti haitoki. Wanaume wote wawili walikuwa wamesimama.

"Mama Candida," Kitwana alisema. "Amecheza?"

Nikagonga ubao wa dirisha kwa kidole: ngo. Nikangoja kidogo. Ngo.

Kitwana akainua mikono juu, akamshukuru Mungu wake kwa kelele. Melkiori alikaa chini, pale pale topeni, na nguo zake, akaziba masikio yake kwa mikono, kama mtu anayeisikia bado nyundo yake.